Hodi ya Mezani

Tulimzika Agripina huko Tosamaganga siku ya upepo mkali, na wasifu wa marehemu ulisomwa na mpwa wake, kijana mwenye koti lililompwaya mabegani. Alisoma vizuri, sina la kumlaumu. Akafika kwenye habari za kazi. "Marehemu aliwahi kufanya kazi ya kompyuta kule Mbeya," akasema, na watu kwenye mabenchi wakageukiana, maana wengi pale walimjua Agripina kwa kufua mashuka ya hospitali na kwa kuimba sauti ya pili kanisani. "Kazi hiyo aliiacha kwa..." na hapo upepo ukalichukua neno, kikabaki kipande chake cha mwisho tu: ...ali yake. Kwa hiari yake? Kwa hali yake? Kwa mtu wa Pwani hayo ni maneno mawili yasiyofanana hata kwa mbali. Kwetu huku juu L na R hulala kitanda kimoja na kujifunika shuka moja, na anayeamka kwanza ndiye anayesema. Mimi ni Mnyakyusa, yeye alikuwa Mhehe. Nilikaa pale nikiwa bibi wa watu, magoti yakiniuma, nikaona aibu ya zamani inanipanda tena usoni kama moto wa jiko. Daftari langu la mwaka ule bado ninalo. Linaeleza tulikula nini na nani alikuwa na mafua. Halielezi nani alikosea, na mimi mwenyewe sina hakika mpaka leo. Nitasema ninavyokumbuka, na pale nisipokumbuka nitasema.

Ilikuwa miaka ya sabini inaelekea ukingoni. Ofisi ya mradi wetu ilikuwa Mbeya, jengo la bati lililotazama Mlima Loleza, na kazi ya mradi ilikuwa kuamua kijiji gani kipewe mbegu gani ya mahindi. Huwezi kuwapa watu wa mlimani mbegu ya bondeni. Mbegu ya Usangu inataka jua na haraka. Mbegu ya Kilolo inavumilia baridi na haina haraka. Vijiji vilikuwa vingi, vipimo vilikuwa vingi zaidi, kwa hiyo hesabu zilipelekwa kwenye kompyuta. Kompyuta yenyewe hatukuwa nayo. Tulikuwa na mashine mbili za kutoboa kadi, kila herufi na matundu yake, mashine kubwa kama vinanda vya kanisani, na kadi zetu zilisafiri kwa basi hadi Dar es Salaam, kwenye mashine ya ofisi nyingine iliyotuazima muda. Mashine ya Dar ikiwa na shughuli au ikiwa mbovu, kadi zilikwenda upande wa pili, zikavuka mpaka hadi Lusaka. Na huo ndio uliokuwa mgogoro: mashine ya Dar na mashine ya Lusaka zilitengenezwa na makampuni mawili tofauti, na programu iliyokubaliwa huku ilikataliwa kule.

Mwandishi wa programu alikuwa Ndugu Mhando, mtu wa Tanga, mpole, mwenye Kiswahili kilichonyooka kama pindo la kanzu. Yeye ndiye aliyetueleza mimi na Agripina, kwa subira, kwamba mashine haisomi anachoandika mtu. Katikati pana programu nyingine inayogeuza maneno ya mtu yawe maneno ya mashine. Wajukuu zangu wanaiita kompaila. Sisi pale ofisini tuliiita mkalimani. Kila kampuni iliuza mashine pamoja na mkalimani wake, na mkalimani wa Dar hakujua lugha ya Lusaka. Lakini kulikuwa na mwingine, ambaye chuo kimoja cha Ulaya kilikuwa kikimgawa bure kwa yeyote aliyeomba. Alikuja kwenye utepe wa sumaku, na maandishi yake yote ya ndani yakiwa wazi, pamoja na barua ya kusema: nakilini, badilini, ila mkitengeneza kitu tuambieni. Huyu angeweza kuhamishwa kutoka mashine hadi mashine. Unaandika upya kipande chake kidogo cha chini, kilichobaki hakibadiliki. "Ni kama mpishi mmoja na majiko mawili," Mhando alisema. "Unambadilishia jiko, mkono ni ule ule."

Siku ya kuchagua tulikaa wote kwenye chumba cha Meneja, baridi ya Julai ikiwa imeingia mpaka ndani ya viatu. Kulikuwa na chai ya rangi na viazi vya kuchemsha kwenye sinia. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayeogopa kuulizwa. Alisema, "Rahisi huvunja upishi, Ndugu Mhando. Cha bure kikiharibika, nitamwandikia nani?" Mhando akatandaza karatasi mbili kubwa mezani. Alikuwa amepitisha kadi zetu zile zile kwa wakalimani wote wawili. Mkalimani wa kampuni alikuwa amenyamaza na kutoa majibu. Mkalimani wa bure alikuwa amekataa kabisa kutoa jibu. Mhando alikuwa ameshamfundisha kusema Kiswahili, kwa hiyo karatasi nzima ilijaa maneno yale yale: JINA HALIJULIKANI, JINA HALIJULIKANI. Mahali Mhando alipoandika BARIDI, kadi ilisema BALIDI. UREFU ulikuwa ULEFU. "Yule wa kampuni," Mhando akaeleza, "akikutana na BALIDI hamuulizi mtu. Anadhani ni kitu kipya, anakifungulia sanduku, anaweka sifuri ndani. Kijiji cha mlimani kinakuwa hakina baridi hata kidogo." Meneja akaitazama ile karatasi. Kisha akatutazama sisi.

Niseme tulivyofanya kazi, maana bila hilo mtu hataelewa. Mwandiko wa Mhando ulikuwa mdogo kama mbegu za ulezi, kwa hiyo Agripina alisoma kwa sauti na mimi nikatoboa, macho yangu yasiondoke kwenye vidole. Jicho lake lilikuwa safi. Masista walimfundisha kusoma kuliko nilivyofundishwa mimi, niliyeishia darasa la saba na kozi ya taipu. Aliona BARIDI, mdomo ukatoa balidi au baridi, wenyewe haukujua. Sikio langu likapokea lilichopokea. Kosa lilikuwa hewani, kati ya mdomo wa Kihehe na sikio la Kinyakyusa, na sitaki kulisogeza upande wowote.

"Kwa hiyo mnaniambia," Meneja akasema, "nichague mkalimani atakayeandika aibu ya ofisi yangu karatasi nzima, aipeleke Dar watu waisome?"

Agripina alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. "Ndugu Meneja, afadhali niaibike kwenye karatasi kuliko wale watu wakaaibike shambani."

"Na wewe, Tusekile?"

Nilimtaka yule anayenyamaza. Nilimtaka kwa moyo wangu wote. Nilijua habari ya masanduku yenye sifuri, nilikuwa nimeielewa vizuri kabisa, na bado nilimtaka. "Mimi nitafuata watakaloamua wakubwa," nikasema, nikachukua kiazi. Meneja akapiga mahesabu, akaona kuulizwa habari ya njaa ni kubaya kuliko kuulizwa habari ya karatasi, akaamua: mkalimani wa bure, kwa msimu mmoja. Makosa yakizidi, kazi ya kutoboa kadi itahamia Pwani, kwa wasichana wenye ndimi zao. Sisi wawili tungerudi tulikotoka.

Karatasi zilianza kurudi na basi. Chumba cha pili kulikuwa na makarani, na mkubwa wao wa mzaha alikuwa Ngole, Mbena, ambaye L yake na R yake zilikuwa mbaya kuliko zetu wote, ila yeye hakutoboa kadi. Alikuwa akisoma kwa sauti ya mhubiri: "Jina halijulikani! Jina halijulikani! Jamani, hawa dada zetu watajulikana mbinguni kweli?" Watu wanacheka, nami nacheka, maana usipocheka ndiyo umekwisha. Agripina hakucheka wala hakukasirika. Siku moja akasoma neno, akafika kwenye R, akagonga meza kwa kifundo cha kidole. Ko. "Nikigonga, R. Nisipogonga, L," akasema. "Usiusikilize mdomo wangu, dada Tuse. Sikiliza meza."

Ikafanya kazi. BA, ko, RIDI. U, ko, REFU. Karatasi zikaanza kurudi safi, Mhando akatembea kifua mbele, na Meneja akaacha kututazama kama watu wenye upele. Lakini ukuta ulikuwa wa mbao. Kila Agripina alipogonga, Ngole naye alijibu kutoka upande wa pili, "Kalibuuu!" Anagonga, anajibiwa. "Kalibuni, milango iko wazi! Mgeni gani huyo haingii?" Wageni wa kweli walipokuja ofisini waliuliza kuna nini, wakaelezwa, wakaja kuchungulia dirishani wanawake wanaobisha hodi mezani. Agripina alisema, "Mwache, anatusaidia kuhesabu." Mimi nilikuwa sili. Nilipanga usiku na mchana jinsi ya kuupunguza ule mlio, na mwisho nikaleta kitambaa. Nilikuwa nimekifuma mwenyewe kwa uzi mweupe, chenye maua ya pembeni, kwa ajili ya kochi ambalo sikuwa nalo. Nikakitandika mezani. "Chumba kipendeze kidogo," nikamwambia Agripina. Akakipapasa, akasema ni kizuri. Ngole akatulia. Mlio sasa ulikuwa mdogo, wa ndani, kama mtu anayebisha hodi nyumba yenye msiba.

Sasa nifike kwenye jina lenyewe. Katika programu ile Mhando alikuwa na vipimo viwili kwa kila kijiji. Hali ya udongo aliiita HALI. Joto aliliita HARI, kama wanavyosema kwao. Kwake yalikuwa maneno mawili yaliyo mbalimbali kama mwiko na mwavuli. Mkalimani wa bure alijua kukataa jina asilolijua. Haya yote mawili aliyajua. Mstari mmoja, ule wa kuuliza kama kijiji ni cha joto, ulipaswa kusema HARI. Kadi ikasema HALI. Ulipita salama. Msimu ule bondeni, penye udongo mzuri, hapakuharibika kitu, na vijiji vya mlimani vilivyokuwa na udongo mbaya havikudhurika, maana namba yao ilikuwa ndogo na mashine ikaona ni vya baridi. Waliodhurika ni wale wa milima ya Kilolo wenye udongo mweusi mzuri. Namba yao ya udongo ilikuwa kubwa, mashine ikadhani wanaungua na jua, ikawapelekea mbegu ya bondeni. Udongo wao mzuri ndio uliowaponza.

Tulikwenda kuona mwezi wa tatu, mvua bado ipo. Mhando aliomba tuje wote wawili. Sidhani alitaka kutuadhibu, nadhani hakutaka kwenda peke yake. Njiani tulisimama Nyololo, tukanywa chai. Kule kijijini tulipokewa na mzee Kikoti na mkewe, watu ambao sikuwa nimewahi kuwafikiria kuwa ni watu. Kwangu walikuwa kadi. Shamba lilikuwa nyuma ya nyumba. Mahindi yalikuwa mafupi, majani yana kutu, yametoa mabunzi ya kidole yakiwa bado mvuani, nayo yanaoza yakiwa wimawima. Mzee Kikoti alitutembeza kila mstari kwa adabu, kana kwamba ni yeye aliyekosea na anatuomba tusimkasirikie. "Tulifuata kila kitu mlichosema," alirudia. "Nafasi tuliacha. Mbolea tuliweka." Mhando alikuwa anasema ndiyo, ndiyo, miwani imejaa ukungu.

Kisha tukaingizwa ndani. Kuku alikuwa ameshachinjwa. Ugali ulikuwa wa mahindi ya mwaka wa nyuma, na mtu yeyote aliyelelewa kijijini anajua sinia kubwa kama lile maana yake nini mwezi wa tatu, kwa nyumba ambayo haitavuna. Kulikuwa na ulanzi, pombe ya mianzi, kwenye kikombe cha bati. Kabla hatujanawa, Agripina akaanza kusema nao Kihehe. Mimi Kihehe sijui zaidi ya salamu yao ya kamwene, lakini nilisikia neno kompyuta, nikasikia Mbeya, kisha nikamwona anakunja kidole na kugonga kigoda. Ko. Akasema neno. Akasema tena neno lile lile bila kugonga. Alikuwa anawaeleza. Mzee Kikoti alimtazama, akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta machozi kwa kiganja, akarudia mwenyewe kugonga kigoda na kucheka tena. Mkewe hakucheka. Akatugeukia sisi kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie.

"Kwa hiyo mahindi yetu yamekufa kwa sababu hodi haikusikika?"

Mhando akasema, "Mama, majina yale niliyachagua mimi. Kosa ni langu."

"Mngekuja kubisha hapa," yule mama akasema. "Sisi tungewasikia." Akachukua jagi la maji. Kisha akainama kutunawisha, akaanza na mimi. "Haya, kalibuni. Kuku anapoa."

Nikala. Nilipewa firigisi, nikala. Kitambaa Agripina hakukitaja. Hilo nalijua, maana mikono yake ilieleza kugonga na haikueleza kutandika. Tukirudi, ndani ya Landrova ya ofisi, nilimwuliza kwa nini. Akatazama nje. "Mimi ndiye niliyegonga. Mlio ukiwa mdogo, mwenye mkono si anaongeza nguvu?" Kisha akanigonga begani. "Na ningekutaja, dada, wangekunyima firigisi." Tulicheka, Mungu anisamehe. Nimeliwaza jambo hili kwa haki kadiri ninavyoweza. Yawezekana kitambaa kilimeza mlio. Yawezekana Agripina alisahau kugonga. Yawezekana aligonga, nikasikia, na kidole changu kikaenda L kwa mazoea ya kwetu. Yawezekana ni Mhando, kama alivyosema. Lakini katika sababu zote hizo ni moja tu iliyoletwa kwa makusudi ya mtu asichekwe, nayo ilikuwa na maua pembeni.

Hakuna aliyefukuzwa. Taarifa ilisema hitilafu ya kiufundi. Kijiji kilipewa mbegu sahihi msimu uliofuata. Mwaka wenyewe hakuna aliyewarudishia. Meneja alipotaka turudi kwa mkalimani wa kampuni, Mhando alikataa kwa mara ya kwanza kwa sauti ya juu. "Yule amefungwa! Siwezi kumfundisha kitu. Huyu yuko wazi." Akaenda Dar, akakaa huko, akaingia ndani ya yale maandishi yaliyokuja na utepe, akamwongezea mkalimani kanuni ambayo hakuna chuo cha Ulaya kingeifikiria: akikutana na majina mawili yanayotofautiana kwa L na R tu, akatae yote mawili. Ikafanya kazi Lusaka kama ilivyofanya Dar. Akarudi kutuuliza mkalimani aseme nini atakapokataa. Mimi nikapendekeza MAJINA HAYAFAI. Agripina akafikiri, akasema, "Hapana, yanafaa. Andika: NI MAMOJA MDOMONI." Ndivyo ilivyoandikwa. Mhando alikipelekea chuo kile marekebisho yetu, kama barua yao ilivyoomba. Wakajibu kwa adabu sana, wakashukuru, wakauliza kama labda taipureta yetu ni mbovu.

Kabla ya mavuno Agripina aliaga. Hakuaga kwa kulia. Nilimsihi, nikamwambia sasa mkalimani anatulinda, hakuna atakayekosea tena hivyo. Alikuwa anakunja kile kitambaa changu ili anirudishie, pembe kwa pembe. "Nataka kazi ambayo nikikosea naona palepale," akasema. Doa kwenye shuka unaliona. Hiyo ndiyo kazi aliyokwenda kuifanya mpaka uzee wake, na sikumtembelea. Nilikuwa na nauli, nilikuwa na likizo. Nilimwogopa yeye ambaye hakuwahi kunilaumu. Kitambaa nilikitia sandukuni, na sikufuma kingine.

Baada ya mazishi tuliwekwa kwenye meza ndefu za mbao nje ya nyumba, upepo ukipeperusha majivu ya majiko. Kando yangu alikaa mama mmoja wa makamo, jirani wa marehemu, ambaye alikuwa ameshika mtoto wa mtu na kumlisha wali. Nikamwuliza. "Samahani, yule kijana alisemaje? Kwamba Agripina aliacha kazi kwa hiari yake, au kwa hali yake?"

Hakunielewa. Nikarudia maneno yale mawili, nikijitahidi na ulimi wangu, na nikasikia mwenyewe yanatoka yale yale.

"Si ni mamoja tu, mama?" akasema, akamfuta mtoto mdomo.

Meza ilikuwa tupu, haina kitambaa. Kabla sijajizuia, kidole changu kilikunjwa, nikagonga ubao mara moja. Ulilia vizuri.

"Kalibu," akajibu yule mama bila kuinua macho, akanisogezea sahani.